Popo wa Fungu Mbaraka na waya uliokatwa: mgeni kaja, jee, mwenyeji atapona?

Wasomaji wetu waliozaliwa Unguja Kusini, na wale wenye jamaa wavuvi, hawahitaji kuambiwa Fungu Mbaraka ni wapi. Ni kisiwa kidogo cha matumbawe kilichoko makumi ya kilomita baharini, kusini-mashariki ya Kizimkazi. Ramani za Kiingereza hukiita Latham, na wengine hukiita Fungu Kizimkazi. Hakina mtu anayeishi. Wenyeji wake ni ndege wa baharini wanaokuja kutaga. Kila kilipotajwa magazetini, mara nyingi kilitajwa kwa siasa za Muungano: ni cha nani, na kama iko mafuta au gesi katika bahari yake, nani atakula.

Mnamo Oktoba 2025 kisiwa hicho kilitajwa duniani kwa jambo jingine kabisa. Jarida la Science lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann ya Israel, chini ya Profesa Nachum Ulanovsky, waliokwenda kwenye kisiwa hicho na popo. Wanasayansi hao waliwapachika popo wa matunda nyaya nyembamba sana ndani ya ubongo, wakawafunga kinasa kidogo kichwani pamoja na kifaa cha GPS, kisha usiku wakamwachia kila mmoja aruke peke yake kisiwa kizima. Popo akirudi, wanayo kumbukumbu ya kila seli waliyoisikiliza ubongoni, pamoja na mahali hasa popo alipokuwa seli hiyo ilipotoa ishara.

Tunajua wapo watakaoishia hapo hapo kwa sababu ya jina la nchi waliyotoka watafiti hao. Mjadala huo una mahali pake, na tumeuandikia mara nyingi. Leo tunaomba ndugu zetu watuvumilie, kwani katika khabari hii limo jambo linalotuhusu sisi wenyewe, tuliopo nyumbani na tuliopo ughaibuni, na likipita bila ya kujadiliwa tutakuja kulijadili wakati limeshakuwa limekwisha.

Kwanza tueleze waya umekatwa vipi.

Kusikiliza ubongo si jambo jipya. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, akayatangaza mwaka 1929. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake wa Chuo Kikuu cha London waligundua katika ubongo wa panya seli zinazotoa ishara pale tu panya anapofika mahali fulani. Seli moja ni ya pembe hii, nyingine ni ya pembe ile, mithili ya ramani. Ugunduzi huo, pamoja na kazi ya May-Britt na Edvard Moser wa Norway, ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Lakini karibu kazi yote hiyo ilifanywa kwenye sanduku. Panya alikuwa na waya unaotoka kichwani mpaka kwenye mashine, na urefu wa waya ndio uliokuwa mpaka wa dunia yake. Hawezi kupanda mti, hawezi kuchimba shimo, hawezi kukutana na wenzake bila ya nyaya kuvurugana. Popo na ndege ndio kabisa, maana hapana waya unaoweza kuruka nao.

Kuukata waya huo kumechukua miongo mingi, na sababu ni za kihandisi. Ishara ya seli moja ya ubongo ni ndogo mno na hudumu kama elfu moja ya sekunde. Ili uinase lazima upime umeme wake kama mara 30,000 kila sekunde. Kifaa chenye njia 16 tu za kusikilizia, kwa hesabu ya kawaida ya kompyuta, hutoa karibu megabaiti 1 kila sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 3 kwa saa. Ukitaka kuzirusha zote kwa redio, betri inakwisha haraka na masafa ni mafupi. Kwa hivyo mafundi wakashika njia mbili. Moja ni kurusha kwa redio pale mnyama anapokuwa karibu, kwenye chumba au banda. Ya pili ni kuweka kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kinasa chenyewe, kisha kukichukua mnyama akirudi. Na yote haya yafanyike bila ya kumlemea mnyama, kwani popo wa matunda ana uzito kama wa chungwa moja. Kilichowezesha ni kule kudogoka kwa chipu na betri, teknolojia ile ile iliyotuletea simu za mkononi.

Sasa, jee, walipokata waya wamesikia nini? Hapa ndipo penye somo.

Tuchukue yule mnyama wa Marekani ya Kusini na ya Kati anayeitwa slothi, ambaye dunia nzima ilimpa sifa ya uvivu. Alipopimwa akiwa kifungoni alionekana kulala kama saa 16 kwa siku. Mwaka 2008 Niels Rattenborg na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafunga slothi wa mwituni huko Panama vinasa vya mawimbi ya ubongo. Wakakuta wanalala saa 9 na nusu hivi. Mnyama alikuwa anatukanwa kwa jambo ambalo huenda sehemu kubwa yake lilitokana na kifungo chenyewe.

Mwaka 2016 Rattenborg na wenzake walitoa matokeo ya ndege wakubwa wa baharini wa visiwa vya Galápagos, ambao huruka siku hata 10 bila ya kutua. Walikuta kuwa ndege hao hulala hewani, mara nyingine nusu moja ya ubongo imelala na nusu nyingine iko macho, lakini kwa jumla ni dakika 42 tu kwa siku. Wakirudi nchi kavu hulala zaidi ya saa 12. Mwaka 2023 ikaja zamu ya sili-tembo wa California. Akiwa baharini kwa miezi, hulala kama saa 2 tu kwa siku, tena kwa kuzama chini kabisa, mbali na papa na nyangumi wanaomla, na huku akizunguka kama jani linaloanguka. Mwaka huo huo ikaja khabari ya pengwini wa kisiwa cha King George karibu na Antaktika: wakati wa kulinda mayai husinzia zaidi ya mara 10,000 kwa siku, kila sinzio sekunde 4 hivi, na jumla yake inapita saa 11.

Hakuna hata moja katika haya ambalo lingejulikana kwenye sanduku.

Tukirejea Fungu Mbaraka, watafiti walikuwa wanazitafuta seli za dira, yaani zile zinazotoa ishara kichwa cha mnyama kinapoelekea upande fulani. Seli moja ni ya kaskazini, nyingine ya mashariki, na kuendelea. Kabla ya hapo zilikuwa zimechunguzwa maabara tu, na hapana aliyejua kama zinafanya kazi hivyo hivyo kwenye dunia ya kweli, yenye upepo, mawimbi na giza. Jawabu ni kuwa zinafanya. Popo akiwa ncha hii ya kisiwa au ncha ile, dira ni moja. Mwezi ukiwepo au usiwepo, nyota zikionekana au zisionekane, dira haikuyumba.

Lakini kuna jambo moja lililotugusa sisi zaidi. Dira hiyo haikuwa sawasawa tangu usiku wa mwanzo. Ilichukua siku kadhaa za kuruka mpaka ikatulia. Lau ingekuwa inategemea sumaku ya dunia peke yake ingetarajiwa kuwa sahihi tokea mwanzo. Inaonesha kuwa popo aliyepelekwa ugenini hujifunza alama za mahali papya, kidogo kidogo, mpaka kichwa kikajua kaskazini ni wapi. Kila msomaji wetu aliyewahi kushuka uwanja wa ndege wa Heathrow au Muscat na sanduku moja mkononi anaelewa maana ya siku hizo za mwanzo.

Hadi hapa khabari ni nzuri, na sisi hatuna sababu ya kuipaka matope. Elimu inayopatikana kwa kiumbe aliye huru ni ya kweli zaidi kuliko ile ya kiumbe aliyefungwa. Kama tungetaka mfano wa kuwaonesha watawala wanaodhani kuwa wanawajua raia wao kwa kuwaweka ndani, huu ungetosha.

Hata hivyo uhuru huo una bei, na anayeilipa ni mnyama. Kuingiza nyaya ubongoni ni upasuaji, na mnyama hakuombwa ruhusa. Wapo wanaosema kuwa manufaa ni makubwa na wapo wanaosema kuwa si haki. Sisi tunaona kuwa kama kazi kama hii inafanywa katika ardhi yetu, basi kamati za maadili za kwetu ziwe na sauti ya kweli, si ya kupiga muhuri.

Upande wa pili wa sarafu ni mzito zaidi. Waya uliokatwa kwa mnyama umekatwa pia kwa binadamu.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1963, karibu na Córdoba nchini Hispania, Profesa José Delgado wa Chuo Kikuu cha Yale aliingia katika uwanja wa ng'ombe na rimoti mkononi. Ng'ombe dume aliyepachikwa elektrodi ubongoni akaja mbio kumvamia. Delgado akabonyeza kitufe, ng'ombe akasita na kugeuka. Picha zake zilitoka katika gazeti la New York Times mwaka 1965 na dunia ikashtuka. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama ile ilikuwa kuizima hasira au kumgeuza tu ng'ombe kwa nguvu. Kwetu sisi tofauti hiyo si kubwa. Somo ni kuwa elektrodi inayosikiliza inaweza pia kuamrisha. Ni waya ule ule, kinachobadilika ni mwelekeo wa umeme.

Leo kampuni ya Neuralink ya Elon Musk, iliyoanza kwa kufanyia majaribio nguruwe na nyani, imeshawapachika watu. Wa kwanza alipachikwa Januari 2024, kijana aliyepooza kuanzia mabegani, na miezi miwili baadaye dunia ilimuona akicheza sataranji kwenye kompyuta kwa fikra tu, bila ya waya. Hatuwezi kulidharau jambo hilo. Aliyepooza akapata mkono wa kuandikia ni neema.

Lakini pia kuna vifaa visivyohitaji upasuaji, vya kuvaa kichwani kama kanda, vinavyouzwa kwa yeyote mwenye pesa. Huko Chile, seneta wa zamani Guido Girardi alinunua kimoja cha kampuni ya Emotiv, kisha akaishtaki kwa kuhifadhi taarifa za ubongo wake. Mahakama Kuu ya nchi hiyo, Agosti 2023, ikaamuru zifutwe. Mahakama ilikuwa na pa kushika, kwani Chile mwaka 2021 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuingiza katika katiba ulinzi wa shughuli za ubongo na taarifa zitokanazo nao. Mwaka 2024 majimbo ya Colorado na California nchini Marekani yakazitia taarifa hizo katika sheria zao za faragha. Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO, zikiwemo za kwetu, zilipitisha mapendekezo ya maadili ya teknolojia hii.

Na sisi jee? Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019. Tanzania inayo ya mwaka 2022. Ni hatua, na tunaipongeza. Lakini sheria hizo ziliandikwa kwa kufikiria namba za simu, vitambulisho, alama za vidole na mafaili ya hospitali. Ishara za ubongo hazikutajwa kwa jina. Mwanasheria hodari atasema kuwa zinaingia katika taarifa za afya. Mwanasheria hodari wa upande wa pili atasema kuwa kanda ya kuvaa kichwani ili mtu acheze mchezo wa kompyuta haina uhusiano na afya.

Tunaoandika ukurasa huu tuliondoka nyumbani kwa sababu ya kalamu. Tulijifunza kuzima simu na kuiacha chumba cha pili kabla ya kuzungumza na mtu, kwa sababu tulishaona maneno ya chumbani yakisomwa mbele yetu na watu ambao hawakuwemo chumbani. Kitu kimoja tulichokuwa na hakika nacho ni kuwa kilichomo kichwani hakifikiwi. Hatusemi kuwa kesho askari ataisoma fikra ya mtu, maana teknolojia hiyo haipo, na anayesema ipo anauza hofu. Kinachopimika leo ni usingizi, umakini, uchovu, na nia ya kusogeza kiungo. Lakini mwajiri wa dereva au wa mchimba madini angefurahi kuvijua hivyo tu. Na sheria ni kama mwavuli, hununuliwi mvua ikiwa imeshanyesha.

Turudi kwenye manufaa, kwani yako karibu na sisi kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi maskini watu watatu kati ya wanne hawapati matibabu wanayoyahitaji. Kule Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa huo uko kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida, na watafiti wameuhusisha na maradhi ya usubi. Mgonjwa wa kijijini akiambiwa apimwe mawimbi ya ubongo, maana yake ni safari ya kwenda mji mkubwa, nauli, na kulala kwa jamaa. Na akifika akapimwa kwa nusu saa, mara nyingi kifafa chenyewe hakitokei katika nusu saa hiyo.

Kinasa chepesi anachoweza kuvaa nyumbani kwake siku nzima, akaenda shamba na kurudi, akalala kitandani mwake, kingemfaa mtu huyu kuliko mashine kubwa iliyofungiwa mjini. Chipu ndogo na betri ndogo zilizomwezesha popo aruke usiku kisiwani ni za ukoo mmoja na zile zitakazomwezesha mtoto wa Mahenge kupimwa bila ya kuitwa mwenye shetani.

Hapo ndipo tunapouliza swali la kichwa cha makala yetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja Fungu Mbaraka, kafanya kazi yake, katoka na elimu iliyoshangaza dunia. Mwenyeji kapona nini?

Hatumlaumu mgeni. Mwenye kuona kisiwa kilichojitenga, salama na kidogo, akasema hapa ndipo mahali pa kumsikiliza popo, huyo ametumia macho yake. Tunajilaumu sisi, ambao kwa miaka yote tulikibishania kisiwa hicho kwa kilichomo chini ya bahari yake, wala hapana aliyesimama barazani akasema kuwa juu ya kisiwa pia mna mali. Penye miti hapana wajenzi.

Mtafiti wa kigeni Tanzania anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utaratibu huo ni mzuri. Lakini kibali cha kuingia ni jambo moja na fungu la kutoka ni jambo jingine. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka nchi zigawane manufaa, inazungumzia rasilimali za vinasaba. Ishara za ubongo wa popo si vinasaba. Gigabaiti zinazotoka kichwani mwake zinaingia mfukoni kwenye kadi ndogo kuliko ukucha, na hapana forodha inayoziuliza.

Sisi tunapendekeza mambo matatu, na hayahitaji mabilioni. La kwanza, kila kibali cha utafiti wa aina hii kiwe na sharti la wanafunzi wa vyuo vyetu, kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Dar es Salaam na Muhimbili, kushiriki katika kazi yenyewe. Wajifunze kupachika elektrodi, kusoma ishara na kuandika programu, si kubeba masanduku na kupika chai. La pili, nakala ya takwimu zilizokusanywa katika ardhi yetu ibakie katika ardhi yetu, ili kijana wa miaka 10 ijayo aweze kuzifungua. La tatu, Nairobi, Dodoma na Zanzibar ziingize taarifa za ubongo katika sheria kwa jina lake, kabla ya vifaa hivyo kujaa madukani Kariakoo na Darajani.

Ndugu zetu mliopo ughaibuni, baadhi yenu mnafanya kazi katika maabara na hospitali ambazo vifaa hivi ni vya kila siku. Wengine ni wahandisi wa chipu, wengine wauguzi katika wodi za kifafa. Mna kitu cha kuwafundisha wenzenu nyumbani ambacho hakipatikani kwa kutuma pesa tu.

Popo wa Fungu Mbaraka alichukua siku chache tu kuijua kaskazini katika kisiwa asichokijua. Sisi tuko kwenye kisiwa chetu wenyewe, na bado tunatafuta.